Kicheko cha Mwenye Eda

Bibi Kidawa wa Miburani alikuwa mjumbe wa bodi, na neno hilo bodi lilimchukua muda kulizoea. Yeye alilijua la lori tu. Wajukuu zake walipomsikia mara ya kwanza akiaga kwamba anakwenda kwenye bodi, mmoja alimwuliza kama atapanda mbele kwa dereva au nyuma kwenye magunia ya nazi, wakacheka mpaka na yeye akacheka. Lakini kazi yenyewe haikuwa ya kucheka. Sauti ya Konde lilikuwa shirika la hisani, redio ya wakulima wa kisiwa cha Mafia, lisilouza matangazo wala kumpigia mtu debe. Liliishi kwa misaada, likirusha vipindi vya mpunga, mihogo, minazi na kuku. Shirika la namna hiyo sharti liwe na watu wa kulisimamia, na wakulima wakasema wanataka mmoja wao awemo, mtu ambaye jembe analijua kwa kiganja si kwa picha. Wengi wakamtaja Kidawa.

Mwenyekiti alikuwa Suhail, mfanyabiashara wa Kilindoni, mtu mpole ambaye babu zake walitoka Omani wakaja kushika mashamba ya minazi. Siku ya kwanza alimvutia Kidawa kiti mwenyewe, akamwambia maneno ambayo baadaye yalimkwama kooni kama mwiba wa changu.

"Sisi wengine hapa, Bibi, tunajua hesabu na sheria. Wewe utakuwa sikio la watu wa konde. Ukisikia neno litakalomtia mtu matatani huko kijijini kwake, inua mkono tu. Hatutakuuliza mara mbili. Tutalitoa."

Ndivyo walivyofanya kazi. Hakuna kipindi kilichorushwa kabla wajumbe hawajakaa kwenye viti vyao vya plastiki, feni ikizunguka juu, wakakisikiliza chote. Kidawa aliinua mkono wake mara nyingi, na kila alipouinua ulisikilizwa. Aliuinua mtaalamu wa bara alipowaambia watu wapande mihogo wakati ambao huku Mafia mche unaoza kwa maji. Aliuinua siku mkulima mmoja alipotajwa kwa jina lake la utani, jina ambalo mkwewe hakuwa akilijua na halikumfaa kulijua. Wenzake walizoea kumtazama usoni kabla ya kupitisha chochote, na yeye alizoea kutazamwa.

Tena alikuwa na jambo lake jingine pale redioni, na hilo alilipenda kuliko vikao. Kila kipindi kilifunguliwa kwa kitendawili, na mtegaji alikuwa yeye. Alivitunga mwenyewe jikoni, akipepeta mchele au akikuna nazi. Sauti yake ikaingia kila nyumba yenye redio, na siku akienda Kilindoni kununua sukari, watu wasiomjua kwa sura walimtambua mara tu alipofungua mdomo kuuliza bei. Mwuza duka humwambia, "Tega, Bibi," naye hutega, na foleni yote huacha shughuli ikafikiri. Jambo hilo lilikuwa tamu. Hakuna aliyemwambia kwamba utamu huo unaweza kumziba mtu masikio, na yeye mwenyewe hakuwa amelifikiri.

Basi msimu huo, mpunga ulipoanza kutoa masuke, Taufiki mtangazaji alipanda pikipiki akaenda Kanga kurekodi kipindi cha viboko. Wasioijua Mafia hudhani viboko ni wa mito mikubwa ya bara tu. Wapo, mabwawani, na mpunga ukichanua hupanda usiku wakaingia kondeni. Taufiki alimpata mwanamke mmoja kijana aitwaye Zuena, ambaye konde lake lilikuwa halijaguswa hata shuke moja, na watu walisema ana mbinu zake. Kwanza akampigia kitendawili cha Kidawa kutoka kwenye simu: Mgeni wangu huja bila hodi, hula bila kunawa, na akiondoka huniachia sufuria tupu nyingi shambani.

Zuena hakungoja hata pumzi moja. "Huyo kiboko," akasema, "na hizo sufuria ni nyayo zake, maana akikanyaga tope huacha shimo unaweza kupikia wali wa harusi. Mwambieni bibi huyo anayetega, kitendawili chake ni kizuri lakini mimi nimekilalia nje usiku kucha, sihitaji kukifikiri."

Akaeleza alivyozungusha kamba yenye makopo, na jinsi ya kuweka moto upande wa bwawa na si upande wa njia. Halafu Taufiki akamwuliza kama haogopi kulinda usiku juu ya dungu, kile kichanja cha miti wanachokaa walinzi wa konde. Zuena akacheka, na kicheko chake kilikuwa kile kinachoanzia tumboni.

"Niogope nini? We kijana, na sauti yako hiyo nzuri, njoo ulale dunguni kwangu. Kiboko akikusikia tu atarudi bwawani mwenyewe."

Hapo ikaja sauti ya mwanamume kutoka nyuma, nzito, yenye kikohozi ndani yake. Alikuwa Hemedi, mume wa Zuena, aliyekuwa akifunga kamba hatua chache kutoka pale. "Akilala huyo dunguni, mimi na kikohozi changu mtanipeleka wapi?"

"Wewe utalala bwawani na viboko wenzio," Zuena akamjibu, na wote watatu wakaangua kicheko, mpaka Taufiki akashindwa kuaga wasikilizaji vizuri.

Kilikuwa kipindi kizuri kuliko vyote walivyowahi kurekodi. Kwa sababu hiyo hawakukirusha. Walisikia kwamba wafadhili wanakuja kutoka Dar es Salaam kuona misaada yao inafanya nini, wakakiweka akiba, kama mama anavyomficha jogoo mnono kwa ajili ya wageni.

Kikiwa bado kimewekwa, Hemedi akafa. Alirudi kutoka kondeni asubuhi akasema kifua kinambana, akajilaza, na adhuhuri hakuamka. Kidawa alikwenda Kanga mazikoni. Alimkuta Zuena amekwisha kuingizwa ndani kukaa eda, amevaa kaniki, uso umemvimba, hata maneno ya pole hakuweza kuyajibu. Mwenye eda hatoki ila kwa dharura, hajipambi, na sauti yake wanaume wasio ndugu zake hawapaswi kuisikia ikivuma. Kidawa aliyajua hayo. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa eda ya marehemu mumewe miaka iliyopita, na aliyajua kama anavyojua njia ya kisimani.

Siku ya kusikiliza ilipofika, kipindi kikawekwa. Kidawa alisikia kitendawili chake, akasikia kinavyojibiwa haraka na kusifiwa, na mbele ya wenzake akainamisha uso ili wasimwone anavyofurahi. Alikuwa akifikiria wageni. Alikuwa akiwaona wamekaa, wanasikiliza, wanauliza ni nani mtunzi, na Suhail anamwonyesha. Kisha ikapita sauti ya Hemedi, akashtuka, na mkono ukapanda.

"Mtoeni marehemu," akasema. "Mama yake yu hai. Si vizuri amsikie mwanawe redioni na kaburi halijakauka."

Wote wakamwangalia kwa heshima. Suhail akasema ndiyo maana wanaye mtu kama yeye katika bodi. Taufiki akakaa kwenye kompyuta, akamkata Hemedi, na lile jibu la viboko wenzio likaenda naye, maana lilikuwa halina maana tena bila yeye. Kikabaki kicheko cha Zuena peke yake. Halafu, ili kipindi kisionekane cha zamani, Taufiki akaingiza maneno mapya mwanzoni: Leo asubuhi nimeamkia Kanga, kondeni kwa Bi Zuena.

Kidawa alisikia. Hilo ndilo lililokuja kumnyima usingizi, kwamba hakuweza kujiambia hakusikia. Maneno yale, leo asubuhi, yalimgusa sikio kama inzi anavyogusa na kuondoka. Alijua Zuena yuko wapi na amevaa nini. Mkono wake ulianza hata kusogea pajani. Lakini kama angeuinua tena, kipindi chote kingeanguka, na kitendawili chake nacho, na wageni wangewekewa kile cha kuku wanaoumwa mdondo. Mkono ukabaki pale ulipo.

Wageni wakaja. Kipindi kikaenda hewani wao wakiwa wamekaa studio, na ilikuwa kama alivyoota: walicheka, waliuliza, Suhail akamwonyesha, mama mmoja wa mjini akamshika mikono miwili akamwomba amtegee kingine. Kidawa akatega. Siku hiyo alirudi Miburani kwa miguu myepesi kama msichana.

Habari ya Kanga ilimfikia sokoni. Mwanamke mmoja wa huko, aliyekuja Kilindoni kununua dawa ya mwanawe, alikuwa akiwasimulia wauza samaki bila kujua nani amesimama nyuma yake. Alisema kuna mjane pale kijijini, mumewe hajamaliza hata kusomewa, ameonekana ametoka eda kwa siri akaenda kondeni na mtangazaji wa redio, na hakuona haya kumwalika akalale naye dunguni, kisiwa kizima kinasikia. Wengine walibisha, wakasema labda ni sauti ya zamani. Lakini redio yenyewe imesema leo asubuhi, na pikipiki ya redio ilionekana Kanga juzi yake. Ilionekana kweli. Taufiki alikuwa amepita huko kurekodi habari za mihogo.

"Na wakwe?" mwuza samaki mmoja akauliza.

"Mama mkwe hali tena chakula alichokigusa yule mwanamke. Na shemeji yake Hafidhi, yeye alikuwa dago, kambini kwa wavuvi, wakati wote huo, hakuona chochote kwa macho yake. Anasema Ijumaa ikipita, mwanamke atakwenda kwa kaka yake Bweni. Nyumba ya Hemedi haitalala mtu wa namna hiyo, eda iishe isiishe."

Kidawa aliacha samaki wake kwenye meza ya mwuzaji. Alitembea mpaka dukani kwa Suhail na hakumbuki alipita njia gani.

Suhail alikuwa amekwisha kusikia. Hafidhi alimpigia simu Taufiki, na Taufiki, kwa kuwa waliambiwa watangazaji wasijibu malalamiko bila ruhusa, alimwambia aongee na bodi. Hafidhi akakata. Kwake yeye hilo lilikuwa jibu tosha: mtu asiye na la kuficha hasemi nenda kaongee na bodi. Kidawa akasema basi tutangaze, tuseme kipindi kile kilirekodiwa marehemu akiwa hai. Suhail akamkalisha, akamwagizia kahawa, akazungumza naye taratibu. Hakuwa mtu mbaya, na aliyoyasema hayakuwa ya mjinga. Alisema wageni bado wako kisiwani, na waliambiwa wanasikia kitu cha asubuhi ileile.

"Halafu mfikirie huyo binti," akasema. "Wapo wengi ambao hawakusikiliza siku ile. Redio ikisema samahani, hata wao watauliza samahani ya nini. Tutakuwa tumemwanika mara ya pili. Acha ipoe, Bibi. Ijumaa iko mbali."

Na Kidawa, Mungu amsamehe, alipumua. Alihisi kabisa mabega yake yakishuka. Alikuja pale amejiandaa kubeba gunia, na mtu mwenye akili kuliko yeye amemwambia gunia lenyewe bora liachwe palepale. Akanywa kahawa. Akashukuru. Alipofika nyumbani ndipo alipoanza kuuona ule mpumuo wake kama kitu alichokiiba.

Siku zile alikuwa hafai. Alisahau chungu motoni mpaka kikanuka mtaa mzima. Wajukuu wakamwomba vitendawili jioni, akawaambia leo kichwa kinauma, kesho yake akawaambia vilevile. Watu walizidi kumpongeza. Jirani yake Safia alikuja mpaka uani kumwambia kwamba kile cha sufuria kimewachekesha nyumba nzima, na kwamba yule mwanamke wa Kanga, haya hana lakini ulimi anao. Kidawa alijibu kwa mguno. Alikaa na ungo mapajani akijiuliza maswali ya mtu mzima anayejisomesha. Kama ulimwonea huruma mama wa marehemu, kwa nini hukumwonea mke wake? Akajijibu kwamba alimfikiria maiti akamsahau aliye hai. Kisha akajiambia usijidanganye, Kidawa. Hukumsahau. Ulimwona. Ulimtazama, ukakitazama na kitendawili chako, ukachagua.

Alhamisi asubuhi aliamka akavaa baibui, akaenda studio kumtafuta Taufiki. Hakupitia dukani kwa mwenyekiti. Akamwuliza kama ile ya kwanza, isiyokatwa, ipo.

"Ipo, Bibi. Sijaifuta." Kijana mwenyewe alikuwa amekonda. "Lakini mwenyekiti kasema..."

"Mwenyekiti nitamwambia mimi. Niwekee kwenye simu yangu, na unionyeshe pa kubonyeza."

Akamwekea. Akataka kumfuata, Kidawa akamkataza, akamwambia leo Kanga wakikuona wewe watakimbilia mawe kabla ya masikio. Akapanda bodaboda peke yake, simu ameifunga ndani ya ncha ya kanga kama wanavyofunga wazee akiba yao. Njia nzima alitunga namna ya kuanza. Alitunga mwanzo uliomtaja Taufiki, alitunga mwingine uliowataja wajumbe wote kwa pamoja, na kila mmoja ulikuwa mzuri, na ndani ya kila mmoja yeye alikuwa hayumo.

Nyumba ya Hemedi ilitazama kiwanja cha mama yake, Bi Somoe. Bi Somoe alikuwa amekaa barazani akisuka ukili, na Hafidhi alikuwa akitengeneza mlango wa kuku. Kidawa akapiga hodi. Hafidhi akamwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba, wakaulizana hali, na mambo yote hayo yalikwenda kama yanavyopaswa. Bi Somoe alimsogezea mkeka. Walijuana tangu ujanani, walikuwa wakitaniana kwenye ngoma, Kanga na Miburani.

"Umekuja kututegea, Bi Kidawa?" Bi Somoe akasema, na utani wake siku hiyo ulikuwa na makali.

"Nimekuja kusema neno, mwenzangu. Kwanza nisikilizeni, halafu mnifukuze."

Akawaambia kwamba ile sauti ilirekodiwa Hemedi akiwa hai, tena akiwa papo hapo. Hafidhi akaacha nyundo. Akasema kwa heshima, lakini bila kumtazama, kwamba hata mwanamke mwenyewe anasema hivyo, ila redio ilisema leo asubuhi, na redio haina sababu ya kumsingizia mtu isiyemjua. Kidawa akafungua ncha ya kanga, akatoa simu, akabonyeza alipoonyeshwa.

Kitendawili kikapita, na kwa mara ya kwanza maishani Kidawa aliichukia sauti yake mwenyewe. Makopo yakapita, na moto wa upande wa bwawa. Kikaja kicheko cha Zuena na ule mwaliko wa dunguni, na Hafidhi akageuza uso. Halafu, hewani pale barazani, mchana kweupe, Hemedi akauliza yeye na kikohozi chake watampeleka wapi.

Ukili ulianguka kutoka mikononi mwa Bi Somoe. Aliinyoosha mikono kuielekea simu, kama anayepokea mtoto, na Kidawa akampa. Bibi yule akaiweka sikioni ingawa sauti ilikuwa ikisikika na wote. Mwanawe alicheka, akakohoa, akacheka tena, ikaisha.

"Tena," akasema.

Kidawa akambonyezea. Hafidhi alisimama akaenda mpaka kwenye banda la kuku akawapa mgongo, na bega lake moja lilikuwa likipanda na kushuka. Alipogeuka, macho yalikuwa mekundu lakini sauti yake ilikuwa imetulia.

"Hii sehemu ya kaka yangu haikuwepo redioni."

"Haikuwepo."

"Nani aliyeitoa?"

Ile mianzo yote aliyoitunga njiani ilikuwa bado ipo, imepangwa kama vikombe kabatini. Angeweza kuchukua wowote. "Mimi," akasema Kidawa. "Niliinua mkono, nikasema marehemu asisikike. Wenzangu hawakumwona mkewe edani kama nilivyomwona mimi. Na ile leo asubuhi niliisikia ikiwekwa, nikanyamaza. Nilitaka kitendawili changu kisikike na wageni. Sina sababu nyingine, mwanangu. Nimeitafuta, sina."

Kuku waliendelea na yao. Bi Somoe ndiye aliyesema, simu bado ameikumbatia.

"Ukamwonea haya aliyekufa. Huyu aliyemo ndani, ambaye ulimwona kwa macho yako amekaa chini, ukamwacha acheke peke yake mbele ya watu."

"Ndiyo."

"Mimi nimekataa chakula chake. Mimi mama yake. Kanipikia uji asubuhi, nikaumwaga pale." Akaonyesha kwa kidevu. Kidawa alielewa kwamba huyu naye sasa ana lake la kubeba, na kwamba hilo nalo limetoka mkononi mwake.

Hafidhi hakupiga kelele. Alisema atakwenda mwenyewe msikitini kesho, baada ya swala awaambie wanaume yalivyokuwa, na shemeji yake hatakwenda Bweni wala popote. Eda ataimalizia kwa mumewe, na ikiisha nyumba ni yake na konde ni lake. Kisha akamgeukia Kidawa. "Wewe ni mtu mzima, Bibi, siwezi kukutukana. Ila vitendawili vyako, Kanga, usituletee tena." Kidawa akaitika kwamba hataleta. Lilikuwa neno la haki, na lilimwuma kwa sababu lilikuwa la haki.

Aliomba ruhusa ya kuingia kwa Zuena. Bi Somoe akampa kwa ishara ya mkono, macho hayajatoka kwenye simu.

Chumbani mlikuwa na mwanga mdogo na harufu ya udi uliokwisha. Zuena alikuwa amekaa juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, kaniki imemfunika mpaka kwenye nyusi. Alimwamkia Kidawa kwa sauti ya chini sana, sauti ya mtu aliyekwisha kujifunza kuiogopa. Kidawa akakaa kando yake. Akaanza kumweleza: kwamba amekwisha kusema huko nje, kwamba Hafidhi ameelewa, kwamba jina lake kesho litasafishwa mbele ya kijiji kizima. Alisema haraka haraka, kama anayelipa, na alitazamia kwamba ikifika mwisho binti atalia, au atamlaumu, au Mungu akipenda atasema yamekwisha.

Zuena alisikiliza yote. "Ahsante, Bibi," akasema. Halafu akasema, "Lakini mimi sikuwa nikilia jina."

"Ulikuwa ukilia nini, mwanangu?"

"Siku ile redio ilikuwa imewashwa kwa mama, hapo nje, na mimi niko hapa ndani. Nikasikia sauti yangu. Nikajua mara moja ni ile ya kondeni. Nikasema moyoni, sasa hivi atajibu. Nilikuwa nimesahau maneno yake, Bibi, nilikuwa nikijaribu kuyakumbuka tangu tumzike, siyapati. Nikajua yanakuja. Nikajikokota mpaka pale ukutani nikaweka sikio." Akautazama ukuta. "Nikajisikia nacheka. Halafu ukapigwa muziki."

Yote Kidawa aliyoyahesabu usiku na mchana, eda, wakwe, nyumba, wageni, hili halikuwemo. Hakuwa amefika hata karibu nalo. Alimshika Zuena mkono, na Zuena akauacha ushikwe, hakuukaza wala hakuutoa.

"Ipo," Kidawa akasema mwishowe. "Yote ipo. Nimekuja nayo. Niilete uisikie?"

Zuena alitikisa kichwa. "Ikiisha eda. Sasa hivi nikiisikia nitacheka, najijua. Siwezi kujizuia na yule mtu. Na nje kuna watu."

Wakakaa hivyo. Na kule barazani Bi Somoe, ambaye sasa alikwisha kujua pa kubonyeza, akaibonyeza tena. Sauti ya Hemedi ikapita ukutani, nzito, na kikohozi chake ndani, ikiuliza watampeleka wapi. Zuena akaichota ncha ya kaniki akaitia kinywani, akaiuma. Mabega yakaanza kumtikisika, na gizani mle Kidawa hakuweza kutambua ni kicheko au ni kilio.

Aliinuka nusu ili atoke, akamwombe Bi Somoe aizime, japo kwa muda kidogo, amhurumie huyu. Goti lilikuwa tayari limeacha mkeka. Kisha akakumbuka kwamba anayetaka kumnyamazisha ni Hemedi, na kwamba alikwisha kumnyamazisha mara moja.

Akakaa. Nje Hemedi aliendelea kucheka, na Kidawa akaendelea kuushika ule mkono.